Chumba Nilichompa Phionah Bure

Mpendwa Shangazi Kobusingye,

Usishtuke kupata barua ya mtu asiye na shida, maana mimi ni Muhamood wa hapa Bwera, mnunuzi wa kahawa, mke wangu Mayimuna ananipenda, watoto wanasoma, afya ninayo, na kilichonileta kwako ni jambo dogo tu ambalo limekataa kunitoka kichwani. Nyuma ya stoo yangu nina vyumba vitano, na miaka minne iliyopita nilipoona kodi inavyopanda hapa mjini nikasema kimoja nikitoe sadaka, nikampa Phionah, mama wa watoto wawili kutoka Karambi ambaye ananichambulia kahawa na punje mbovu haimpiti, akaingia bure na hadi leo sijamdai hata shilingi. Wachambuaji wengine wanaopanga kwingine nawalipa elfu mia mbili kwa mwezi, yeye namlipa elfu mia na ishirini kwa sababu chumba anacho, na chumba kile ningeweza kukipangisha elfu themanini, kwa hiyo unaona mwenyewe ninavyojinyima kwa ajili yake.

Basi Ijumaa iliyopita tulitoka msikitini na wageni wangu watatu, wafanyabiashara wa Kasese, tukawa tunazungumza habari za kutoa, nikaona niwaonyeshe. Nikafungua kwa ufunguo wangu, hodi sikupiga kwa sababu mtu hapigi hodi kwake, tukamkuta Phionah anakula na mama yake aliyekuja kumtembelea, nikawaambia wageni, "Huyu ndiye ninayemsaidia." Phionah akapiga magoti akatusalimia vizuri, mama yake akaacha kula, nasi tukaenda zetu. Jioni akanifuata stoo akasema, "Haji, chumba iko muzuri, sina neno. Lakini unilipe sawa na wengine, na miye nikulipe nyumba kila mwezi, na kufuli ikuwe yangu. Kama haiwezekani, mwezi ukiisha nitaenda Kasese, kule kuna mutu ananitaka."

Shangazi, niliumia, sikufichi. Nikamweleza Mayimuna nikitegemea aniunge mkono, naye akaendelea kumenya matoke yake, akasema, "Baba Shadiah, ule mama alishindwa kumeza chakula ya mutoto wake. Wewe ungemeza?" Sasa naomba unisaidie: nikianza kuchukua kodi kwa Phionah, sadaka yangu ya miaka minne si itaharibika? Na akiondoka, nitampata wapi mwingine mwenye mkono kama ule?

Ni mimi Muhamood, Bwera.

Haji Muhamood,

Nimecheka, kisha nikakasirika, kisha nikakupenda tena kidogo, maana mwingine angeficha hesabu zake, wewe umeniletea zote bila kuzitazama. Zitazame. Wenzake elfu mia mbili, yeye elfu mia na ishirini. Kinachobaki mfukoni mwako kila mwezi ni elfu themanini, kodi ya chumba hicho hicho. Phionah amekulipa kodi miaka minne bila kuchelewa hata siku moja, na juu yake ukamdai shukrani mbele ya wageni.

Moyo wa kutoa unao, sikatai. Lakini wahenga walisema tenda wema nenda zako, na wewe ulitenda ukabaki na ufunguo. Mama wa watu kateremka kutoka Karambi kumwona binti yake, ukamtia haya mbele ya sahani yake. Hilo ni kosa, nenda ukaombe radhi, tena umchukue na Mayimuna, yeye anajua la kusema.

Mshahara wa Phionah uwe elfu mia mbili kama wenzake, na kwa mkono ule unaousifu mimi ningeongeza. Phionah ni fundi wako, na fundi hulipwa. Anayefanya kazi mjini mwezi mzima apate cha kulipia chumba mjini na abakiwe na cha sukari. Hiyo ni haki yake, usiichanganye na fungu la sadaka. Kisha mpangishe kwa maandishi, afunge kwa kufuli lake, na ufunguo wa pili usiwe nao. Ukitaka kumpunguzia kodi, mpunguzie kimya kimya, anayehesabu thawabu ataona. Ukiwa na haja naye, piga hodi, na asipoitika rudi stoo.

Sadaka nayo usiache, utanihuzunisha. Vyumba ni vitano, nami nawajua wafanyabiashara, lazima kimoja kimejaa magunia. Yatoe, uwaweke ndugu wa wagonjwa wanaoshuka milimani kuuguza watu wao na kulala kwenye baraza za hospitali. Hao hawakuchambulii kahawa, huna mshahara wao wa kukata, na wataondoka hata majina yao hujayashika.

Thawabu za miaka minne muulize Mola, mimi sizijui. Ninachojua ni kwamba Phionah hajakaa bure kwako hata siku moja, na wewe ndiye wa kumwambia hivyo, kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie kabla mwezi haujaisha.