Mbunge Ana Kinga, Mimi Nina Dagaa

Dada Regina mpendwa, naomba msaada kabla mgambo hajarudi. Mimi ni Muha wa Kasulu, raia wa kuzaliwa, nimeolewa Bangwe, naanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na kosa langu ni kwamba kwenye mkutano nilimwuliza mbunge wetu mbona tangu tumpigie kura hatujamwona, watu wakacheka, naye alipofika bungeni akasimama akasema yule mwanamke wa dagaa wa Bangwe ni mkimbizi wa Burundi aliyetoroka kambini, redio ikatangaza, na sasa mgambo Selestini kanipa hadi Jumatatu nihamie kambini, nikimjibu kwa Kiha anasema ndicho hicho Kirundi, na yeye mwenyewe ananihoji kwa Kiha hicho hicho, basi nikamfuata mbunge anakojenga Katubuka, akacheka, akasema ana kinga ya Bunge, hakuna mahakama ya kumgusa, na kweli hana wasiwasi, maana hata juzi harusini Ujiji kayarudia yale yale mbele ya watu huku anakula pilau, dada, mimi wa kuitwa mkimbizi kama sina kwetu, wanangu nitawaacha na nani, au na mimi nigombee ubunge nipate kinga nimtukane?

Rozalia, Bangwe

Rozalia, pole. Nimecheka na nimekasirika. Ubunge wa kulipizia tusi ndio uliotuletea huyu, kwa hiyo uache.

Kwanza nikugombeze. Mkimbizi si tusi. Hao Warundi unaopanga nao foleni ya maji walikuwa na kwao, wakakimbia risasi. Ubaya hapa ni uongo, na uongo huo unataka kukutenga na wanao.

Sasa sikiliza. Kinga ni ya maneno ya bungeni, na ina sababu: bila hiyo nani angethubutu kuwasema wakubwa? Yeye kaigeuza fimbo ya kumchapia mwanika dagaa. Lakini hilo la harusini, ulilolipitisha haraka haraka, ndilo lenyewe. Kinga haitoki bungeni ikaja Ujiji kula pilau.

Kesho nenda parokiani kwenu Kasulu ukachukue cheti cha ubatizo, mwenyekiti wa kijiji akuandikie barua, uvipeleke Uhamiaji mwenyewe kabla ya Jumatatu. Usimpe Selestini hata karatasi moja. Kisha andika majina ya wapishi wa harusi ile, maana waalikwa walikuwa wanakula, wapishi walikuwa wanasikiliza. Wapeleke kwa wakili wawe mashahidi. Spika naye mwandikie.

Na mbunge akikutajia kinga tena, usibishane naye. Mkaribishe pilau, umwombe arudie.