Juisi Niliyomnyang'anya Ndeshi

Masama, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na goti lako, na kuku wako? Mdogo wangu Hadija akikusomea barua hii mwambie asirukeruke mistari, maana namjua. Hapo Newala najua mnatafuta kivuli. Huku mlimani mimi nalala na soksi jozi mbili, na bado naamka miguu si yangu.

Naandika kwa sababu ya ile simu. Ulisikia "nimemdhuru mtoto wa watu," mtandao ukakatika, na Hadija ameniambia ulikaa siku mbili huli, ukidhani mwanao amefungwa, hadi nilipomtumia ujumbe kwamba niko salama. Sijafungwa, mama. Tulia nikueleze kuanzia mwanzo.

Katika darasa langu la tano yupo binti anaitwa Ndeshi, anaishi na bibi yake. Ni mtoto mpole, anakaa dawati la mbele. Siku hiyo, kipindi cha mwisho, nilimwona anachomoa pakiti ya juisi kwenye mkoba. Unanijua mimi na sheria zangu: darasani hakuna kula wala kunywa. Nikaenda kuichukua. Akaninong'oneza, "Mwalimu, nina kisukari." Na mimi, na ualimu wangu wote, nikamjibu, "Basi ndiyo kabisa usiguse kitu kitamu." Nikaifungia kabatini, nikarudi ubaoni nikijiona nimemwokoa.

Sikujua kwamba mtoto anayechomwa insulini sukari yake huweza kushuka ghafla, na ikishuka, juisi ile ile ndiyo dawa. Yeye alijua. Akaanza kutetemeka, akatoka jasho kwenye baridi hii, nikamwuliza swali akajibu mambo yasiyoeleweka. Wenzake wakacheka. Nami nikamkaripia nikidhani ananifanyia mzaha. Kisha akateleza kwenye dawati kama nguo inayoanguka kambani.

Tulimkimbiza zahanati kwa pikipiki, dereva mbele, Ndeshi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Wakamtundikia dripu ya sukari, na baada ya muda akafumbua macho, akaniuliza kama kengele imeshagongwa. Nililia mbele ya nesi bila aibu. Ndipo nilipokupigia.

Kesho yake bibi yake akamwondoa shuleni. Mwalimu mkuu alituma ujumbe mara mbili, hakujibiwa. Wiki mbili nzima dawati lile lilikuwa tupu mbele ya macho yangu, na mimi sikuwa nafundisha, nilikuwa nasoma kitabu kwa sauti tu. Mtoto anayeshika namba mbili darasani, mama, na aliyemkosesha masomo ni mimi.

Aliyenihurumia ni mwalimu mwenzangu Anaeli, mwenyeji wa hapa. Alinikatia jani la isale kwenye mpaka wa shamba lao. Wachaga wakimkosea mtu humpelekea jani hilo kuomba radhi, na anayeletewa hakatai. Nikapanda nalo kati ya migomba hadi kwa bibi, nikamwamkia, nikalitoa kwa mikono miwili. Akalipokea, akaliweka mezani.

"Isale halikataliwi," akasema. "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini mtoto sikupi. Msamaha ni wangu, uhai ni wake."

Alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimekuja na jani tu. Nikaanza kuinuka. Nadhani sura yangu ilimtia huruma, maana alimwita Ndeshi aje na mfuko wake wa vipimo.

"Mfundishe huyu mwalimu wako," akamwambia. "Tuone kama ana kichwa."

Ndeshi akafungua sindano mpya, akanitaka kidole. Wewe unayejua nilivyokukimbia hadi kwenye mikorosho siku ya chanjo, cheka tu. Nilifumba macho, nikatoa kidole. Akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakisoma, akasema kwa sauti ya daktari, "Wewe mzima, mwalimu."

Kisha akanieleza dalili zake moja moja na la kufanya kwa kila moja, na alipomaliza bibi akaanza kunitahini, mimi niliyezoea kutahini wengine.

"Akitetemeka?"

"Juisi."

"Akijibu ovyo darasani?"

"Juisi, halafu nampima. Na simwachi peke yake."

"Akizimia?"

"Simtii kitu mdomoni. Nakimbia zahanati."

Akayarudia maswali yale yale mara tatu, akiyageuzageuza ili nijikwae. Mwishowe akanipakulia bakuli la mtori wa moto, ule mchuzi wao mzito wa ndizi na nyama, nami nikajua nimefaulu.

Ndeshi alirudi Jumatatu, akawaeleza wenzake mwenyewe, mbele ya darasa, na kipimo mkononi. Juisi yake sasa inakaa kwenye droo ya meza yangu isiyofungwa, na kila mwalimu anajua iliko. Juzi, katikati ya mtihani wa hesabu, jirani yake wa dawati akanyoosha mkono: "Mwalimu, Ndeshi anatetemeka." Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimeshafika. Ndeshi akanywa. Tukasubiri, tukampima, uso ukamrudia. Akaniangalia.

"Mwalimu, kumbe siku hizi darasani tunaruhusiwa kunywa?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikageukia ubao nikafuta mahali palipokuwa pameshafutwa.

Nisalimie mjomba, umwambie korosho za kukaanga alizoniahidi bado nazisubiri. Msalimie bibi mzaa baba, ninayemwombea macho yake, na shangazi wa mashine ya kusaga. Hadija namsalimia pia, kama hajaruka mstari huu.

Bibi yake Ndeshi naye anakusalimu. Aliposikia kwamba ulipata nusu ya habari alinigombeza: "Mzazi haachwi hivyo. Mwandikie." Basi hii ndiyo nusu iliyobaki, mama. Sasa kula. Ndeshi mzima, na mwanao mzima.

Mwanao,
Somoe