Binti Yangu Huja Akikamatwa Tu

Mpendwa Mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana mimi ni mwalimu wa udereva, na kila darasa jipya linapoanza huwa nachukua chaki nawaandikia vijana ubaoni bei kamili ya kosa moja la barabarani, kwamba faini ni mwanzo tu, bado kuna gari kulazwa kituoni na kutozwa kwa kila siku, kuna kibarua ulichokikosa ukipanga foleni, kuna bima itakayopanda mwakani, nao wanakuna vichwa, lakini nyumbani kwangu mambo ni mengine kabisa. Binti yangu wa pekee alihama baada ya mama yake kufariki, ana kigari chake, ana kazi yake kwenye duka la dawa, na hapigi simu wala haji isipokuwa amekamatwa. Akikamatwa huja siku hiyohiyo, anavua viatu, anakaa jikoni, ananisimulia jinsi askari alivyomwonea, tunacheka, mimi nalipa faini, nalipa na bima ambayo yeye hajui hata imepanda kiasi gani, kisha anaosha vikombe anaondoka, na nyumba inakuwa kimya hadi nasikia friji ikinguruma. Juzi alipita taa nyekundu, akamkosakosa mama aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni, na alipoingia kwangu akasema, "Baba, usininunie bwana, si utalipa tu?" Nikamjibu, "Haya, kaa, chai iko tayari." Naona aibu kusema, Mshauri, ila aliponipigia kusema amekamatwa nilifurahi. Kosa moja zaidi atafungiwa leseni, na nikiacha kulipa naogopa sitamwona tena. Nifanyeje?

Mwalimu wa Udereva

Mwalimu, pole sana. Nyumba ya mtu mmoja inachosha, na hakuna wa kukulaumu kwa kumtamani mwanao. Pole yangu inaishia hapo. Watoto wa watu unawaeleza ukweli, wako unamfunga kitambaa machoni halafu unamwachia usukani. Yule mama na mtoto wake nusura walipe gharama ya upweke wako. Hilo ulifikirie vizuri.

Tena nikuulize, wewe mwenyewe ulimpigia lini bila habari ya gari? Huenda naye, tangu mama yake aondoke, hajui aje kwako kwa sababu gani, na faini ndiyo sababu pekee mliyobaki nayo. Mnatia huruma nyote wawili.

Faini hii usiilipe. Mwite, mkalishe kama mwanafunzi wako yeyote, mpigie hesabu yote pamoja na ile bima uliyomficha, na umwambie kuanzia sasa inatoka kwenye mshahara wake. Ikimshinda, aegeshe gari apande basi. Atanuna, mwache anune. Siku nyingine, si hiyo, mpigie umwambie umemkumbuka, kisha ufunge mdomo. Usitaje leseni, usitaje askari.

Inawezekana asije wiki hiyo wala inayofuata. Utakaa peke yako na itauma, sitakudanganya. Usimtumie pesa ili kuharakisha mambo. Siku atakayogonga mlango bila kukamatwa na mtu, utajua amekuja kwa baba yake.