Hamira Isiyoumuka

Jumatatu, 9 Juni

Trei ya pili imeungua. Ya kwanza ilitoka laini kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Hii ya pili ni mkaa mtupu. Mafungu mawili ya sukuma wiki yamekwenda hivyo.

Jiko si baya. Nimelitengeneza mwenyewe kwa drum, pipa la chuma: mlango mbele, wavu katikati, makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Mikono ya kukata bati ninayo. Ya kupika sikuzaliwa nayo. Mtu wa miaka hamsini na tatu, tumbo limemtangulia, anachambua sukuma ndani ya karakana aliyojifungia.

Haya yote yaliletwa na nesi wa kliniki. Alisema presha yangu inapenda krispi za viazi za dukani kuliko ninavyozipenda mimi. Halafu akatuonyesha, wagonjwa sita kwenye benchi, jinsi ya kuoka mboga na kuzinyunyizia hamira ya lishe badala ya chumvi. Ni vipande vyepesi vya manjano, ladha kama jibini na karanga. Hamira hii imeuawa kwa joto kiwandani, haiumui kitu. Niliipata katika duka moja la mjini ambalo hata bawabu wake ananukia vizuri.

Mama Beryl, mke wangu, nimemwambia nina sanduku la mteja la kumalizia. Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Nyumbani kwetu neno hamira halitajwi. Miaka tisa iliyopita hamira, sukari na drum vilikuwa ndani ya karakana hii hii, nami nilikuwa napika chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Nusu ya kuuza, nusu ya kunywa. Nusu yangu ilikuwa kubwa.

Nitampelekea sahani iliyo tayari. Aone mboga kwanza.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimeelewa. Kosa langu lilikuwa maji. Kwa manyunyu haya ya Juni sukuma ikioshwa haikauki, na ikiingia jikoni na maji inachemka, haiokwi. Nimepangusa jani moja moja kwa kitambaa kama ninayemfuta mtoto kamasi. Uti wa katikati unaondolewa. Mafuta kijiko kimoja, yanasuguliwa kwa vidole. Hamira mwisho kabisa, majani yakishatoka motoni na bado yana joto. Ikitangulia inaungua na kuwa chungu.

Trei moja ilitoka safi. Nilikula yote nimesimama.

Musyoka, fundi wa kuchomelea mageti mlango wa pili, mtu wa Kitui asiyeweza kunyamaza, aligonga bati. "Mzee, hapo ndani umefungua hoteli ama kanisa? Moshi tunauona, waumini hatuwaoni!" Nikamwambia ashughulike na mageti yake. Akacheka peke yake mpaka jioni.

Nyumbani Mama Beryl alinusa koti langu. Nikasema ni gundi. Huo ni uongo wa pili.

Alhamisi, 12 Juni

Ameipata. Alikuwa akitafuta kiberiti mfukoni mwa koti, akatoa pakiti. Maneno mengi ya Kiingereza, lakini "yeast", yaani hamira, hakuna mama wa mtaa wetu wa Gatwekera asiyelijua.

Akaiweka mezani. "Baba Beryl, hii ni nini?"

"Ya mteja."

Nilipofunga mdomo ndipo nikajisikia. Ndilo jibu nililompa zamani, neno kwa neno, nikiwa nimeshika ukuta nisianguke. Nilikuwa na nafasi ya kusema sukuma, kliniki, presha. Ulimi ukakimbilia njia uliyoizoea.

Alinipakulia ugali na omena, dagaa wa ziwani, akakaa upande wa pili wa meza, akanitazama nikila. Omena zilikuwa na macho mengi leo.

Kesho nitamwambia.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechelewa.

Nilitoka mchana kutafuta karoti na viazi vitamu. Yeye akashuka mpaka karakana, hapa mtaa wa Kisumu Ndogo, jambo ambalo hajalifanya miaka mingi. Akakuta kufuli. Musyoka, Mungu ambariki na kumnyima ulimi, akamsaidia: "Mzee siku hizi anajifungia na drum, mama. Anawasha moto kutwa. Kazi imerudi!" Alidhani ananisifu.

Hamira, drum, mlango uliofungwa. Hata mimi ningejishuku.

Niliporudi nyumbani nguo zake hazikuwa msumarini. Chakula changu kilikuwa mezani, kimefunikwa sahani. Afadhali angekimwaga.

Jumamosi, 14 Juni

Simu yake imepokelewa na dada yake Consolata, yule anayepika mandazi Kawangware. "Yuko kwangu, shemeji. Usije." Akakata.

Nilipita mbele ya baa iliyo karibu na karakana. Napita hapo kila siku na huwa siioni. Leo niliiona. Nikasimama. Wazo lilikuwa rahisi sana: nimeshahukumiwa kwa kunywa, basi ninywe. Nilisimama muda ambao sitauandika hapa. Jamaa mmoja akaniita kwa jina langu la zamani, lile la ulevi. Hilo jina ndilo lililoniondoa. Nimelichukia tangu niache.

Nikaingia karakana, mlango nikauacha wazi. Nimeoka mpaka makaa yakaisha. Sukuma, karoti, viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba hadi mwanga unapita. Vipande havilingani. Musyoka alikuja kuchungulia, akaonja, akaomba tena, akaona uso wangu, akanyamaza. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda. Kwa miguu, kopo la krispi chini ya kwapa, pakiti ya hamira mfukoni. Miguu inauma, presha sijui.

Consolata alinifungulia mlango nusu. Mama Beryl alikuwa amekaa ndani, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Hakuinuka. Nilieleza. Kliniki, nesi, benchi, jiko la drum. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mlevi anayeeleza. Nilikuwa na maelezo mazuri zamani pia.

Consolata akasema, "Maneno tumeyasikia miaka. Leta hiyo pakiti."

Akafanya anavyofanya kila alfajiri kabla ya kukanda unga. Vikombe viwili, maji ya uvuguvugu, sukari kijiko kimoja kila kimoja. Kimoja akatia hamira yake ya mandazi, kingine yangu. Akavifunika kwa sahani. Tukakaa.

Sijawahi kukaa hivyo hata nikisubiri majibu ya daktari. Nilijua hamira yangu imekufa. Nesi alisema. Lakini nilimwamini nani? Bawabu mwenye manukato? Je, kama duka lilipakia nyingine? Mama Beryl alitazama vikombe, mimi nikamtazama yeye. Hakuna aliyegusa krispi.

Consolata akafunua. Kikombe chake povu limepanda mpaka ukingoni. Changu kimetulia, matope ya manjano chini.

"Shemeji, hii yako ni maiti."

"Ndivyo ilivyo."

Nikataka kucheka. Nilidhani tumemaliza. Mama Beryl akainua kikombe changu, akanusa, akakirudisha mezani taratibu.

"Kwa hivyo si ya pombe."

"Si ya pombe."

"Basi ulinidanganya ya nini?"

Nimerudi peke yangu. Kopo nililiacha.

Jumatatu, 16 Juni

Sijaoka. Swali lake limeniketi kifuani.

Ningekuwa nakunywa, angejua la kufanya; alishalifanya. Lakini mtu asiyekunywa ambaye bado anadanganya kama mlevi, huyo anaishi naye vipi? Nimeacha chupa, sikuacha mazoea ya kuificha. Nimeyaandika haya ili nisijifanye sikuyajua.

Nilimpigia. Alipokea mwenyewe. Nikamwambia nilimwogopa. Kwamba angesikia hamira, asisikie tena kitu kingine. Akasema: "Ungenipa nafasi ya kusikia." Akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Nikasema hapana, kwa sababu sikuwa nimeimeza.

Jumatano, 18 Juni

Amekuja karakana. Hakubisha, mlango ulikuwa wazi. Akainama, akaingiza kichwa ndani ya drum, akakagua kila pembe kama anayetafuta paka. Akatoka na masizi kwenye paji la uso. Sikumwambia. Kisha nikamwambia. Nimeamua kumwambia kila kitu, hata masizi.

Akavuta kigoda. Akachukua kisu mkononi mwangu, akaanza kukata viazi vitamu. Vyake vyote vinalingana. Alisema tu kwamba zile za Jumapili zilikuwa nyembamba mno, na kwamba Consolata amemaliza kopo.

Jioni akarudi Kawangware.

Ijumaa, 20 Juni

Jana alikuja nyumbani na begi. Ameliweka nyuma ya mlango, zipu imefungwa. Sikuuliza. Nikifagia nalizunguka.

Leo asubuhi kulikuwa na baridi. Tulikunywa chai. Nilimweleza siku yangu yote kabla haijaanza: makaa, sukuma, kliniki saa nne. Alisikiliza bila kunitazama, akipuliza kikombe.

Nilipotoka niliona amefungua zipu kidogo na kutoa malapa yake ya kuvaa nyumbani. Malapa tu. Nguo bado zimo.