Wasifu wa Baba Niliouchapa Mwenyewe

Jumanne, Kisii. Mvua ya alasiri imenyesha kama kawaida yake, na mimi nina hasira.

Shajara, hujambo. Sijui kama blogu husalimiwa. Nimekufungua leo saa nane kwenye kompyuta ya kazini, na kabla sijasema lolote ukaniuliza nataka sura gani. Nikabonyeza ile ya maua ya waridi nikijaribu tu, na sasa siwezi kuyatoa. Basi machungu yangu yatakaa juu ya maua.

Mimi ni mchapaji katika saiba, duka la kompyuta na intaneti. Nachapa barua za kuomba kazi, fomu, na zaidi ya yote programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu. Nimechapa wasifu wa marehemu wengi mpaka najua mapema ni wapi wataandika kwamba alipenda watu wote.

Asubuhi ameingia Dennis kutoka Nyaramba na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Dennis ni mtoto wa baba yangu. Baba alifariki wiki jana na atazikwa Alhamisi. Mama yangu ndiye aliyeolewa kwanza, akarudi kwao Keumbu nikiwa na miaka miwili, kisha baba akamwoa mama yake Dennis.

Dennis ananijua. Tumekutana mara tatu. Lakini leo ameniongelesha Kiswahili, mimi Mgusii mwenzake, kama watu wanavyomwongelesha mgeni.

"Madam, nichapie hii. Kopi mia moja. Naweza ngoja?"

Nimechapa. Marehemu alioa mke mmoja, wakajaliwa watoto watano. Nimeandika "watano" bila kusita, na hilo linaniudhi kuliko yote. Lakini mchapaji haongezi neno kwenye karatasi ya mteja.

Mwaka wa kuzaliwa wa baba walikuwa wameukosea. Nikamwambia. Aliniangalia kidogo, akasema, "Weka hiyo unajua wewe."

Hakuuliza nimeujuaje.

Alipoondoka na programu zake, ndipo nilipokufungua. Ukaniambia nijieleze. Nikaandika: mimi ni mtoto wa kwanza kati ya sita. Nikaandika jina la mama. Nikaandika kwamba nilipoingia kidato cha kwanza baba alikuja Keumbu na sweta ya shule, kubwa ajabu, na nikaivaa mpaka kidato cha nne. Hiyo tu ndiyo niliyopata kwake, na niliipenda. Kumbe bado naipenda.

Baada ya nusu saa nikaona nina wasomaji wanne. Nikafurahi mpaka Moraa, tunayefanya kazi naye, akanieleza kwamba wote wanne ni mimi, kila nilipofungua kuangalia.

"Hiyo ni kujiongelesha," akasema akicheka. "Weka kwa status watu waone."

Nikaweka kiungo chako kwenye WhatsApp. Ugeni wangu huo. Nilisahau kwamba simu ninayotumia ndiyo ya kuwasiliana na wateja, na Dennis alikuwa ameihifadhi namba asubuhi ili nimtumie nakala.

Saa kumi na moja nimepata maoni yangu ya kwanza, chini ya waridi. Ni yake. Yameanza kwa Kigusii, neno moja: "Ominto." Ndugu yangu, wa nyumba yetu. Kisha: "Tafadhali futa hii kabla ya Alhamisi. Mama akiona ataumia."

Nimeyasoma mara nyingi. Miaka yote hii hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuniita hivyo. Leo nimeitwa, ili nijifute.

Nimelia kidogo, Moraa akijifanya anatafuta karatasi.

Sijafuta. Wala sijamjibu. Keshokutwa nitavaa vizuri niende Nyaramba, nisimame na watoto wa marehemu. Mtu akiuliza mimi ni nani, nitamwambia amuulize Dennis. Ameshaandika mwenyewe: Ominto.