Maji ya Kitongoji cha Juu

Karanglo, 9 Septemba

Dada yangu Kasiyah,

Salamu kutoka nyumbani. Natumai u mzima huko Taiwan, na yule bibi unayemtunza ameanza kula. Mama hajambo, uvimbe wa mguu umepungua, na jana alikaanga tempe ya soya mwenyewe akatufukuza jikoni.

Kiangazi cha mwaka huu ni kikali. Unajua maji ya chemchemi yanaendeshwa na shirika la kijiji, na wanakijiji walinichagua mimi kuwa meneja. Mwezi wa Machi tulifungua bwawa la kuogelea kwa wageni wa mjini. Kabla ya hapo, mkutanoni, Mbah Rubiyem, yule bibi mzee wa kitongoji cha juu, aliuliza kama maji yatatosha. Nikamjibu, "Yamepimwa, Mbah." Watu wakapiga makofi.

Kufika Julai, wageni walikuwa wakipiga mbizi huku mabomba ya juu yakikoroma tu. Wanawake walishuka na madumu, wakapita kando ya bwawa. Mkuu wa kijiji akasema maji yanavuja kwa uzembe wa fundi, na mumeo Ngadiran akaachishwa kazi. Watu wakamtania, "Fundi, leo umekunywa ndoo ngapi?" Mimi aliniambia mara moja tu, "Shemeji, bomba halinywi maji," akaenda kulima mihogo yake.

Najua habari hizo zilikufikia, na tangu hapo hupokei simu zake.

Dada, Ngadiran hakukosea. Kiangazi kilichopita tulipima chemchemi pamoja, yeye na mimi, akaniambia maji yake hayatoshi kwa bwawa. Karatasi ya vipimo niliificha chini ya nguo zangu. Nilitaka bwawa lilete kazi hapa kijijini, ili nawe urudi. Alipofukuzwa, angeweza kunitaja. Alinyamaza kwa sababu mimi ni mdogo wako.

Jumatatu nilisimama mkutanoni nikaisoma karatasi ile. Mbah Rubiyem akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa na kiu, wewe ulikuwa na karatasi." Bwawa limefungwa hadi mvua zinyeshe, maji yanapanda juu, Ngadiran amerudishiwa kazi yake. Umeneja nimeuacha.

Nikasirikie mimi kadiri upendavyo. Ila yeye, tafadhali, mpigie.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unavaa sweta.

Mdogo wako,
Sutarni