Diski Uliyoondoka Nayo

Kaka,

Hujambo nitakuuliza hasira zikiisha. Ile kompyuta ya duka letu la kuchapa imeungua. Tangu uondoke miezi minane iliyopita mama hakutaka izimwe, eti wewe ndiye uliyeiwasha. Nikachomoa diski yenye ile Linux yako, programu inayoiendesha kompyuta, nikaipachika kwenye kompyuta nyingine. Ikagoma kuwaka! Siku tatu nimehangaika, nimebadilisha nyaya, nimeitukana, na wateja wanaondoka. Mama naye: "Kaka yako angekuwepo, ingekuwa imeshapona."

Leo ndipo nimesoma maandishi ya kwenye skrini, neno kwa neno. Kumbe kompyuta haina kosa. Wewe uliiandikia mstari mmoja kwamba kila ikiwashwa isiendelee mpaka iione diski yako ya pili, ile uliyoondoka nayo. Inaisubiri weee, haiioni, inagoma. Miezi yote minane haikugoma kwa sababu haikuwahi kuzimwa.

Nimeufuta mstari huo mmoja, ikawaka papo hapo.

Kitanda chako mama bado anakitandika kila asubuhi. Kwake sina mstari wa kufuta. Rudi, au mwandikie mwenyewe kwamba hurudi.

Mdogo wako, niliyechoka kujibu kwa niaba yako.